Picha ya Wavuvi wa Uholanzi

Haya yalimpata rafiki yangu Nyaboke mwaka 2014, alipokuwa akifanya usafi katika hoteli moja ya West Bay, hapa Doha. Kwenye korido ya chini, isiyo na dirisha, palitundikwa picha kubwa ya zamani iliyochapwa Uholanzi: wavuvi wamejipanga ufukweni, wanavuta wavu. Job, mwosha madirisha kutoka Mbita, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, aliipenda sana. "Hawa wanavuta kama watu wetu," alikuwa akisema.

Mwezi wa Agosti, Job alilalamika kwamba kifua kinambana. Supavaiza wao Douglas, Mkenya mwenzao, akamlazimisha aendelee kuosha vioo juani. Job akafa. Douglas akawaambia wakubwa kwamba Job alikuwa amelewa.

Baada ya mazishi, Douglas alimwita Nyaboke wakaiondoe picha ile. "Mlevi wenu hayupo, nani ataitazama?" alisema akicheka. Alipoigusa tu, taa zikazimika.

Gizani Nyaboke akasikia kamba ikikwaruza sakafu, kisha pumzi za wanaume wengi wakivuta kwa pamoja. Aliyewaongoza kwa kusema "Haya, vuta!" alikuwa na sauti ya Job.

"Nyaboke, nishike mkono!" Douglas alilia. "Wananivuta!"

Nyaboke aliniambia angeweza kumshika. Alimkumbuka Job, akaiweka mikono yake nyuma.

Taa zilipowaka, Douglas alikuwa amelala sakafuni, hai, ameloa maji yanayonuka bahari. Hapakuwa na kamba wala wavu. Lakini uso na shingo yake vilijaa alama za matundu ya wavu, na Nyaboke aliziona zikiendelea kuzama polepole kwenye nyama.