Nuria na Galoni la Njano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nuria alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake wa darasa la sita aliyekuwa nayo. Alipanda nyuma ya kichwa cha lori kuukuu la baba yake, lililokula oili, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ikiwa kati ya alama mbili, alipaza sauti: "Iko sawa, baba." Mzee Masudi alimalizia chai yake na kuondoka kwenda Chitete kubeba mahindi. Kazi hiyo Nuria aliipenda, na tuseme ukweli, aliringa nayo.

Lakini Juni ilipofika, baridi ya Tunduma ilimshinda. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hakupanda popote. Alisimama mlangoni amejifunika khanga ya mama yake na kusema iko sawa, kisha akarudi ndani mbio.

Jumatatu alipima kweli, akakuta kijiti kikavu karibu chote. Akimwita baba, ataulizwa oili ilianza kushuka lini. Basi akanyata hadi stoo, akachukua galoni la njano lenye picha ya injini, akamimina haraka mpaka ikapita alama ya juu.

"Iko sawa, baba."

Jumanne alasiri lori lilirudi likilia. Majirani walilisikia kabla hawajaliona: ko-ko-ko-ko, mlio mzito kutoka tumboni mwa injini. Mzee Masudi alishuka akiwa amekunja uso, hata salamu aliijibu nusu.

Kesho yake alikuja Fundi Osward, Mnyiha wa Mbozi, mtu wa maneno machache. Nuria alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sogea kidogo, mama, nisikilize."

Lori liliwashwa. Osward alitoa bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini na kuweka mpini sikioni. Alisikiliza juu, akasikiliza ubavuni, akalala chini na kusikiliza huko pia. Kisha akaamuru lizimwe. Alichomoa kijiti cha oili, akasugua oili kwa vidole viwili, akainusa.

"Imepita alama, tena nyepesi kama maji," alisema. "Inanuka dizeli."

"Dizeli imeingiaje kwenye oili?" Mzee Masudi aliuliza.

"Pampu ya dizeli hiyo. Imechoka, inavujisha kwa ndani. Oili ikishakuwa maji, vyuma vinasagana. Baba Nuria, hii inaelekea kunoki."

Kunoki. Madereva wa Tunduma hulitaja neno hilo kwa sauti ya chini, kwa sababu injini ikishanoki imekufa.

"Tukisema tutengeneze?"

"Pampu mpya, na injini yote ifunguliwe. Kwa umri wa lori hili, mimi nisingekushauri."

Nuria alirudi nyuma taratibu mpaka stoo. Alifungua kifuniko cha galoni la njano, akanusa. Ilikuwa dizeli. Baba yake alikuwa ameihifadhi humo kama akiba, kama watu wengi wa mpakani wanavyofanya, galoni lolote likiisha kitu chake linatiwa kingine. Alitaka kutoka na kusema, lakini alipofika mlangoni aligeuka, akalifunga galoni na kulisukuma mahali pake.

Jioni alimsikia baba akiongea na mama yake, Bi Stumai.

"Efraimu wa Saza atakuja Ijumaa kulichukua. Anataka vyuma vyake apeleke machimboni."

"Na wewe?"

"Nitaomba kazi kwenye malori ya Kongo. Nikienda ni wiki tatu, nne. Nitakuwa napiga simu."

Nuria aliuma mto wake. Alikuwa na rafiki, Eva, ambaye baba yake aliendesha malori hayo. Eva alimwona baba yake zaidi kwenye simu kuliko nyumbani.

Alhamisi darasani hakutulia. Malori yalikuwa kwenye foleni ya kwenda Zambia, na kila moja lililonguruma alilisikia linasema ko-ko-ko. Alinoa penseli mpaka ikabaki kipande. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu, na mara zote tatu aliishia kusimama uani tu, akizungukazunguka. Mwalimu Ketrina alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana, na huo nao haukuwa ukweli.

Ijumaa asubuhi alimkuta baba analiosha lori. Aliliosha polepole, hata mahali ambapo hapakuwa na tope. Fundi Osward alikuwa amerudi kukusanya spana alizoziacha Jumatano. Nuria, akiwa na sare na mkoba mgongoni, alisimama mbele yao.

"Baba, pampu si mbovu. Ni mimi." Alianza kulia, lakini hakunyamaza. "Siku tatu sikupima oili, nikakudanganya. Jumatatu nikakuta imeisha, nikaongeza ya galoni la njano. Mle mna dizeli."

Mzee Masudi aliacha ndoo. Aliingia stoo, akatoka na galoni, akalinusa, akampa Osward. Osward naye alinusa.

"Ningekuwa na habari hii Jumatano," Osward alisema hatimaye, "nisingeihukumu pampu ya watu." Akaziweka spana chini.

Walimwaga oili yote, wakabadilisha chujio na kutia oili mpya. Lori lilipowashwa, mlio ulipungua sana, ingawa chini kulibaki kugonga kidogo. Osward alifungua sampo, lile karai la oili chini ya injini, akakuta beringi zimeanza kulika. Bodaboda alitumwa kuleta nyingine. Alasiri injini ilinguruma vizuri, na Osward alipoisikiliza kwa bisibisi alitikisa kichwa akitabasamu.

"Inafaa kutengenezwa," alisema. "Imeshatengenezwa, hata."

Mzee Masudi alimkalisha Nuria kwenye ngazi ya lori.

"Mimi pia nina kosa. Nilitia dizeli kwenye galoni la oili na sikumwambia mtu. Leo nitaliandika 'dizeli'. Lakini sikiliza, mwanangu. Ungeniambia Jumatatu, ningekufokea mpaka koo likauke, kisha tungemwaga oili, yakaisha. Ulikosea kwa dakika mbili. Ukanyamaza siku nne, na kunyamaza huko ndiko kulikokaribia kuniuzisha lori na kunitoa nyumbani. Fundi hodari anahukumu vibaya akifichwa ukweli. Mzazi pia."

Nje ya geti pikipiki ilisimama. Mtu mnene alishuka akijifuta vumbi la safari ya kutoka Saza.

"Huyo ndiye Efraimu," alisema baba. "Amekuja kuchukua lori. Nenda umweleze kwa nini haliuzwi."

"Mimi, baba?"

"Wewe."

Nuria alipangusa uso. Aliondoka kwenye ngazi na kumwendea mgeni.

"Shikamoo, mjomba. Samahani kwa safari yako. Lori haliuzwi. Lilikuwa linalia kwa sababu mimi nilitia dizeli kwenye oili, halafu nikaogopa kusema."