Gunia Lisilotajiwa Jina

Fungeni huo mlango kwanza, ndiyo nisimulie.

Ghala la mpunga la Sibtain, kule Hafizabad, adhuhuri moja likasikika gunia linaburutwa. Makuli wako nje kivulini wanakula, ndani hamna mtu. Na harufu ya nywele zilizoungua.

Tangu enzi za babu yake, kila mavuno gunia moja huwekwa pembeni, na daftarini huandikwa: la wenyewe. Basi. Hao hawatajwi. Sibtain kaleta kompyuta, madaftari kamuuzia mnunua makaratasi, na kompyuta ikamgomea: gunia lisilo na jina la mtu haliingii.

"Weka jina lolote, kaka," mdogo wake Mazhar akamcheka. "Kwani majini wamesoma?"

Akaweka la mkewe, Rukhsar.

Siku ya tatu Rukhsar akaanguka jikoni. Hali, hasemi, na kila adhuhuri gunia likiburutwa kule ghalani na yeye mwili unasogea kitandani, kidogo kidogo, unaelekea mlangoni, na hakuna mkono unaomvuta, na shuka nyuma yake imejaa pumba za mpunga, na ile harufu, ile ile, mpaka mama mkwe akakimbilia uani kutapika.

Wakamwita Pir Nawazish, shehe wa kupunga majini. Akagoma kuingia ndani.

"Mmewapa nani?" akanong'ona.

"Hatujatoa mtu, baba. Nimejaza jina tu."

"Ndiyo kutoa huko! Lifute. Na gunia usiliguse, watabeba nyumba nzima."

Sibtain akafuta. Kompyuta ikadai jina. Akaweka la babu yake marehemu, likafutika lenyewe. Akaweka la kubuni, likafutika. Mama mkwe huko chumbani analia, "Miguu imeshavuka kizingiti, Sibtain! Fanya, mwanangu, fanya!"

Akaandika jingine. Jina likakaa.

Rukhsar akainuka, akajipangusa pumba, akaomba chai. Kikombe hakijafika mdomoni akakishusha.

"Baba Iqra," akasema polepole, "mbona shemeji anaitwa huko ghalani?"

Sibtain akaifunika kompyuta.

"Umeandika nini, Baba Iqra?"

Nje makuli wakaanza kupiga kelele: Mazhar! Mazhar! Wakavunja mlango wa ghala. Wakakuta viatu vyake tu, vimejaa pumba.

Mpaka leo nyumba ya Sibtain na ya mdogo wake hazizikani. Na wa kuzikwa mwenyewe hajaonekana.