Mtani wa Kunizika

"We kaka, macho umeyaacha kwenye treni?"

Nurdini aligeuka. Kumbe amekanyaga robota la vitenge katikati ya stesheni ya Tabora, abiria wa Kigoma wakimsukuma huku na huku. Mwenye robota alisimama mikono kiunoni, ndani ya dera la njano, kilemba upande, mdomo tayari kwa ugomvi.

"Samahani dada. Kwetu Kisarawe mizigo haitupwi njiani."

"Kisarawe? Mzaramo!" Hasira zikamwisha palepale. "Basi libebe, ndiyo faini yako, mtani. Mie Zabibu, Mnyamwezi wa hapahapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo."

"Kubeba ni kazi yenu. Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani, sisi tukakaa kuwapokea."

"Na kuwaibia!"

Alibeba hata hivyo, mpaka Ng'ambo, jasho likimchuruzika. Jamani, mapenzi mengine huanza kwa matusi! Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara. Mmoja akifa, mtani ndiye anayefanya vituko makaburini, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Nurdini, fundi wa maabara katika hospitali ya Tabora, na Zabibu, fundi cherehani, walipendana kwa lugha hiyohiyo. Nyingine hawakuwa nayo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mchana mmoja wa Machi, Zabibu alipiga simu.

"Mpenzi, nina uvimbe kwenye titi. Cherehani nakuachia urithi."

"Ahaa, safi! Mtani wako nazika, halafu nauza cherehani hiyo tununue ubwabwa wa matanga."

Mlio wa cherehani ukakoma upande wa pili.

"Zabibu? Mama?"

Simu ikakatwa. Nurdini akacheka peke yake. Kesho yake alipiga, simu haikupokelewa, wala siku iliyofuata. Alipokwenda Ng'ambo aliambiwa Zabibu yuko Igunga kwa shangazi yake. Naye akanuna. Mtani hanuni, lakini mwanamume huyu alinuna miezi mitatu mizima!

Juni uzalendo ukamshinda. Akachukua koti lake jeupe lililochanika kwapani, akalifanya kisingizio cha kwenda Ng'ambo, maana alisikia Zabibu amerudi. Zabibu alikuwa kwenye cherehani, amekonda, kajitanda khanga kifuani na jua lote lile. Kando ya mkasi palikuwa na chupa, na karatasi yake imeandikwa: *Amsha Seli Shina*. Nurdini aliisoma mara mbili.

"Nani kakupa hii?"

"Salamu kwanza, mtani." Hakutabasamu. "Jirani yangu Asmahani anaiuza. Inaamsha seli zinazojenga mwili. Wewe ulisema utanizika, yeye akasema nitapona. Ningemsikiliza nani?"

Nurdini aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Nilisema kweli kwa lugha tunayoijua. Niliogopa kuisema kwa nyingine."

"Uvimbe umeongezeka?"

"Ulikuwa punje ya harage. Sasa limau." Akauchukua mkono wa Nurdini, akauingiza chini ya khanga. Uvimbe ulikuwa mgumu, na haukusogea. Kwa miaka sita Nurdini alikuwa akitazama vipande vya nyama za watu kwenye hadubini. Aliuondoa mkono polepole, asije akamtisha.

"Nisikilize. Bado hatujui kama ni saratani, mpaka kipande kikatwe. Lakini hizo seli shina ni mafundi. Ukijikata, mwili unaziita zije kuziba. Uvimbe mbaya nao unajua kuziita, unajifanya kidonda. Zikifika zinaujengea mishipa ya damu, zinauficha ili askari wa mwili wasiuone, zinausaidia kuenea. Zinabeba mzigo, mwenye mzigo hazimjui."

"Kama babu zangu," Zabibu alisema.

"Sitanii."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiulisha?"

"Sijui. Hata kilichomo humo sikijui. Kama kweli kinaziamsha, ni balaa. Kama ni maji ya sukari, kimekula miezi yako mitatu. Na mimi nimeila pamoja nacho, kwa kununa kwangu. Nisamehe, Zabibu."

Zabibu aliisukuma chupa mbali na mkasi. Barabarani muuza asali alipita akinadi.

"Kesho asubuhi tunapanda basi la Mwanza," Nurdini alisema. "Hospitali ya huko ni ya rufaa, uvimbe kama huu wanapima na kupasua palepale. Nitaomba ruhusa kazini, wasiponipa nitakwenda tu."

"Utakwenda kama nani?"

"Utani nauvua leo. Mtani huzika, mume huuguza. Nataka nikuoe."

Zabibu alimkazia macho, akingoja mzaha ufuate. Alingoja sana. Haukuja, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Mzaramo hatanii," alinong'ona. "Basi kweli naumwa."

Machozi yakamtoka. Nurdini alimshika mabega. Baadaye Zabibu alijifuta kwa pindo la khanga, akanyoosha mkono.

"Lete hilo koti. Huwezi kwenda kwa baba yangu kuposa kwapa liko wazi."

Alichukua sindano na uzi. Mara tatu alijaribu kutunga, mara tatu uzi ukalikosa tundu. Nurdini akaipokea sindano, akamtungia.