Geuza Waya

"Dakika sita," redio ilikoroma. "Baada ya hapo watakuwa na picha."

Msasa, mpelelezi, alikuwa anakimbia, koleo mkononi, bastola ya Glock ndani ya ovaroli ya fundi umeme.

Mlango wa maabara ulikuwa wa chuma, umefungwa kwa ndani. Kupitia kioo kidogo aliwaona wote watatu: Mkurugenzi na wageni wake wawili wenye suti. Chini ya darubini mbele yao kulikuwa na kipande cha metali kisichozidi ukucha.

Dada yake ndiye aliyekitengeneza, miaka mitatu mizima. Uso wake ulikuwa na ngazi ndogo mno, kila moja kimo cha atomi moja, zilizopangwa na mkondo wa umeme hadi zikawa na mpangilio usioigika. Mpangilio huo ndio uliokuwa ufunguo wa siri wa redio zote za jeshi; mwenye picha yake angeweza kuzisikiliza zote. Mkurugenzi alikiiba kipande hicho awauzie wageni hawa, kisha akaenda kushtaki kwamba dada mtu amekiuza. Tangu jana dada yuko mahabusu, anaitwa msaliti.

Msasa angeweza kumtafuna mtu mbichi.

Akabonyeza kitufe cha redio. Mkuu wake, Mzee, ndiye aliyetaja dakika sita; alikuwa huko mahabusu, akampa dada redio.

"Dada, wanakipasha moto wapige picha. Nikate umeme?"

"Ukikata wataondoka nacho mfukoni. Ingia chumba cha swichi. Kuna waya mbili zinazokwenda kwenye darubini, nyekundu na nyeusi. Zigeuze."

"Halafu?"

"Umeme unazisukuma atomi. Ukipita upande wake, ngazi zinatulia. Ukipita kinyume, zinasongamana zote pamoja."

"Miaka mitatu, Dada."

"Nimesema geuza."

Chumba cha swichi kilikuwa jirani. Nyekundu ikakaa penye nyeusi, nyeusi ikakaa penye nyekundu. Msasa akarudi mbio kwenye kioo.

Kwenye skrini ya darubini, mistari iliyonyooka ilianza kusogeleana.

Hapo kipande kilikuwa bado hakijafa. Mtu aliyewahi kuifanya kazi ile kwa mikono yake angezima mara moja na kukagua waya. Lakini Mkurugenzi hakuwahi kugusa hata nati. Kazi yake ilikuwa kutia sahihi kwenye jasho la wenzake. Mgeni mmoja alipolalamika kwamba picha ni mbovu, Mkurugenzi, kwa kuogopa kuaibika, aliongeza umeme.

Akaongeza tena.

Dakika moja baadaye skrini ilionyesha tuta moja nene, basi. Wageni walikwapua mikoba yao, wakafungua mlango kwa ghadhabu.

Mdomo wa Glock ulikuwa unawasubiri.

"Laleni chini. Na wewe, Mkurugenzi."

Mkurugenzi alianza kueleza kuhusu hitilafu, eti yule mtafiti aliye mahabusu ndiye aliyeharibu. Msasa alimtia pingu, akazikaza kuliko ilivyohitajika, na hakujuta.

"Tumewanasa wote," aliiambia redio. "Kipande kimekufa, Dada. Pole."

Dada mtu aliuliza, "Aliongeza umeme?"

"Mara mbili."

"Ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu niliandika kwa herufi kubwa: picha ikiharibika, usiongeze umeme. Akatia sahihi hapo hapo chini. Mshenzi yule hakusoma hata mstari mmoja."

Nyuma ya sauti yake redioni ulisikika mlango wa chuma ukifunguliwa, na Mzee akimwambia dada achukue viatu vyake, aende nyumbani.

Msasa aliiruka miguu ya Mkurugenzi, akaenda kumchukua dada yake.