Ngazi za Kituo cha Sokoni

Mapenzi mengine huanza kwa ua. Haya yalianza kwa mtu mzima kuanguka kifudifudi sokoni, mchana kweupe, mbele ya wauza vitunguu.

Aliyeanguka alikuwa mchoraji wa ramani za barabara, kijana aliyenyooka mpaka wenzake ofisini wakambatiza Rula. Alivaa kizibao cha kung'aa cha mradi wa mabasi ya haraka, shati limechomekwa kama la mwanafunzi wa bweni siku ya ukaguzi, na macho yake yalikuwa barabarani yakipima upana. Ndiyo maana hakuuona mkongojo ulioegemezwa kwenye meza ya kutengenezea simu. Mkongojo ukalala, Rula akalala, na simu yake ikawatangulia wote wawili kwenye sakafu.

"Pole," akasema mwenye meza, binti wa gauni la zambarau, jicho moja limekuzwa na lenzi likawa kama la bundi. "Nipe kwanza mkongojo wangu. Habari za kioo tutaongea baadaye."

Rula akauliza bei.

"Wewe umejiangusha mwenyewe, nitakupunguzia. Waliosukumwa ndio hulipa yote."

Mafundi simu wa dunia hii wana sala moja, nayo ni njoo kesho. Fundi huyu hakuwa na dini hiyo. Simu ilipona jioni ileile, na aliyeondoka pale akiwa mbovu ni Rula.

Tangu hapo simu ikashikwa na maradhi yasiyojulikana. Leo haisikii, kesho inapata joto. Fundi aliutambua ugonjwa mapema, akaacha kutoza. Msimu wa mvua ulipofika, Rula alikuwa anamsubiri afunge meza, anamshikia mkongojo, kisha wanavuka barabara pamoja pale ukingo ulipokuwa chini, kwenda upande wa pili alikoishi binti huyo na mama yake mdogo. Mguu wa kushoto wa Fundi ulikuwa mwembamba tangu utotoni. Rula aliuzoea mwendo wake kiasi kwamba akitembea na mtu mwingine alihisi mwenzake huyo anakimbizwa.

"Unachora nini leo?" Fundi alimuuliza kwenye simu.

"Kituo chako. Kitakuwa mbele ya meza yako. Kila nikishuka basi utaniona."

"Basi nitakutoza kwa kuonwa."

Sasa, mabasi ya haraka hupita katikati ya barabara, na pande zote mbili huwekwa uzio. Kuvuka chini hakutakuwepo tena. Patajengwa daraja la juu la waenda kwa miguu. Mhandisi mkuu alitaka ngazi tupu, kwa kuwa njia ya mteremko isiyo na ngazi ingekula nafasi na fedha. Akamgeukia Rula, kwani ndiye aliyekuwa akishinda kule sokoni, akamuuliza kama kuna watu wasioweza kupanda ngazi.

Rula alifikiri kwa moyo safi. Akawaona wabeba mizigo, akina mama na watoto mgongoni. Akamwona na Fundi pia, katika gauni lake la zambarau, akicheka.

"Sijamwona hata mmoja," akasema.

Shetani hakuwepo ofisini siku hiyo. Angekuwepo, ingekuwa rahisi kumlaumu.

Michoro ilionyeshwa kwa wananchi katika ukumbi wa shule. Fundi aliwahi kiti cha mbele, amesuka upya, amevaa gauni jeupe, kando yake mama mdogo aliyekuja mahsusi kumkagua mwanamume. Fundi alitazama karatasi ubaoni kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Naona ngazi tu. Mimi nitapita wapi?"

Ukumbi ukageuka. Mhandisi akampa pole kwa adabu zote. "Tuliuliza, dada yangu. Kijana wetu yule yuko pale karibu kila siku, na alituhakikishia hakuna mwenye shida hiyo."

Mama mdogo alifuata kidole cha mhandisi mpaka kwenye kizibao kinachong'aa.

"Ndiye?" akauliza, na sauti yake haikujua kunong'ona.

Fundi akachukua mkongojo wake, wakatoka.

Rula alipiga simu mpaka vidole vikachoka. Hatimaye ikapokewa.

"Mpenzi, mimi sijawahi kukufikiria hivyo. Kwangu wewe ni mzima."

"Mwaka mzima unanishikia mkongojo. Ulidhani ni wa kufukuzia mbwa?"

"Nilisahau."

"Najua. Hata mimi ningependa kusahau, ila mguu haunipi nafasi."

"Nitakubeba. Kila siku nitakuvusha mgongoni."

"Na siku tukigombana, Rula?"

Rula alikwenda kumsihi mhandisi, akaambiwa michoro imeshagongwa mhuri, na mteremko utafikiriwa katika awamu ya pili, ile awamu ambamo ofisi huhifadhi mambo yote isiyokusudia kuyafanya.

Uzio ulipofika sokoni, Rula aliwaomba wachomeleaji waache upenyo mpaka Fundi avushe meza yake kwa mkokoteni. Fundi akapita, akawashukuru wachomeleaji. Rula akapewa kichwa kilichoinama kidogo. Nyuma yake cheche zikaanza kuruka.

Meza ikawekwa barazani kwa mama mdogo. Wateja wakapungua, maana nani atapanda daraja kwa ajili ya tundu la chaji? Mabasi yakaanza kupita, mapya, yanang'aa.

Jioni moja ya mvua Rula alivuka. Mama mdogo aliitikia salamu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. Rula akaweka simu mezani. Fundi akaigeuza, akaitazama kwa lenzi.

"Haina ubaya."

"Tazama tena."

"Nimetazama." Akatupa jicho kwenye suruali ya Rula iliyolowa magotini. "Umeanguka?"

"Kwenye ngazi."

"Zikoje?"

Rula, aliyezichora kwa mkono wake, akajifuta magoti kwanza.

"Ndefu," akasema. "Zina utelezi. Reli ya kushikia iko mbali na mkono. Sikujua."

Basi likapita nyuma ya uzio, taa zake zikawamulika, likaenda. Fundi akavuta droo, akaitia simu nzima ndani, akaifunga.

"Njoo kesho," akasema.

Hakuwa amewahi kumwambia mteja neno hilo. Rula alirudi kwenye mvua bila simu, akapanda polepole akiishika reli, asijue kama amesamehewa, au ameambiwa tu kile ambacho mafundi huwaambia watu wote.