Mkomamanga wa Babu

Kila mwaka baridi inapokaribia kuisha, Bibi Fajr huzunguka bustani yake ya mjini Sib, mikono nyuma. Hang'oi wala hakati, anatazama tu. "Bustani kwanza huangaliwa, kisha ndiyo jembe," husema. Safari hii goti lilikuwa limepasuliwa, hata kutembea hawezi, basi kazi ya kutazama akampa mjukuu wake Balqees.

"Nenda mti kwa mti, mwanangu, uje unambie. Leo wewe ndiyo macho yangu."

Nje upepo ulikuwa baridi, na ndani katuni imefika patamu! Balqees akasimama mlangoni, akatupa jicho mara moja, akarudi mbio kwenye televisheni.

"Mndimu mzuri, Bibi."

"Na mkomamanga?"

"Umekauka wote," akajibu bila kugeuka.

Mkomamanga ule aliupanda marehemu Babu walipohamia nyumba ile. Machozi yakamlenga Bibi.

"Haya, Mungu kapenda." Akamgeukia mwanawe. "Mahfoudh, kaung'oe. Mti mkavu wa nini tena?"

Ami Mahfoudh akapita na sululu begani. Lo! Katuni yote ikamtoka Balqees kichwani. Akatoka mbio miguu mitupu, akampita ami yake, akainama chini ya mti. Kweli haukuwa na jani hata moja. Lakini kwenye vijiti kulikuwa na vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje za mtama. Akakwaruza gome kwa ukucha, na ndani mlikuwa kijani kibichi.

"Ami, usichimbe!"

"Bibi yako kasema mkavu."

"Nimemwambia mimi. Na sikuutazama."

Akarudi ndani mbio. "Bibi, nimekudanganya. Sikufika mtini, niliangalia kutoka mlangoni. Mti u hai. Nisamehe."

Bibi akamkazia macho. "Nna hamu ya kukufinya, wewe! Haya, nishikeni."

Balqees na ami yake, aliyekuwa amemfuata ndani, wakamshika huku na huku, wakamfikisha mtini polepole. Bibi akagusa chipukizi moja, akacheka huku analia. "Kumbe umelala tu, mzee wangu!"

Kisha akamgeukia Balqees. "Ungesema hukutazama, ningekugombeza kidogo, yakaisha. Kusema usichokiona ndiko kulikoileta sululu hapa. Anayekuamini humwambii kwa kubahatisha. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Bibi."

"Umesema kweli kabla mti haujang'oka, na hilo nimelipenda. Sasa zunguka upya. Mikono nyuma!"

Balqees akaanza na mndimu, safari hii bila haraka. Kumbe huo aliousifu ulikuwa umejaa wadudu.