Karatasi ya Bibi Telesia

Kila siku Ashura akitoka shuleni, alivua sare, akala, kisha akapangusa vumbi kwenye meza ya kompyuta. Walikaa Lyamkena, mjini Makambako. Baba yake, mzee Miraji, alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika pamoja na skana, mashine ya kioo inayopiga picha ya karatasi na kuiingiza kwenye kompyuta. Mwaka ule wa 2004 mashine hizo zilikuwa chache, hivyo watu walimletea Mama Ashura vyeti na barua zao awatunzie nakala. Ashura, aliyekuwa darasa la sita, alishajua kazi hiyo.

Alhamisi moja alikuja Bibi Telesia kutoka Ipelele, kule Makete. Mama alimwekea kiti karibu na jiko la mkaa, akampa chai kabla hajamuuliza shida yake.

"Jirani anasema shamba langu ni lake," Bibi alisema. "Jumatatu tunaitwa baraza la kata. Karatasi ya kununulia ndiyo hii. Imechakaa, naogopa itanichanikia njiani. Nitolee nakala, mwanangu."

Karatasi ilikuwa imekaa darini juu ya meko miaka ishirini na sita, kama wengi wa kule wanavyotunza vitu visiliwe na wadudu. Moshi ulikuwa umeigeuza rangi ya chai. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba la muuzaji, ambaye sasa ni marehemu.

Mama alimpeleka Bibi chumbani apumzike, naye akaenda sokoni mara moja. "Ashura, iskani hiyo," alisema. "Polepole."

Ashura aliilaza karatasi kwenye kioo. Picha ilitoka nyeusinyeusi. Hakuipenda, akaiondoa kwenye kompyuta. Alitaka Bibi apate nakala safi, basi akachukua kitambaa chenye unyevu akaanza kupangusa moshi. Maneno yalibaki, kwa kuwa yaliandikwa kwa kalamu ya risasi. Lakini wino wa dole gumba ulitawanyika, likabaki doa la buluu.

Dada yake Zaitun, wa kidato cha pili, alimkuta ameduwaa.

"Umeiogesha karatasi ya watu?"

"Nilitaka ing'ae."

"Imeng'aa kweli. Sogea." Zaitun alifungua nakala za watu wengine. "Tukate dole gumba hapa, tulibandike pale, tuchape. Dole ni dole. Nani atalichunguza?"

"Na hii yenyewe?"

"Mwambie imelowa njiani. Bibi huyu hawezi kukumbuka."

Ashura alitazama mlango wa chumbani. Viatu vya Bibi vilikuwa vimepangwa vizuri nje ya mlango, visimchafulie mtu sakafu.

"Mimi sibandiki," alisema.

Mama aliporudi, Ashura alimweleza yote, kisha wakamwamsha Bibi. Ashura alimpa karatasi kwa mikono miwili.

"Bibi, nimeharibu dole gumba. Niliipangusa kwa maji. Haikulowa njiani, ni mimi."

Bibi aliisogeza dirishani, akaitazama sana. Hakusema neno. Mama naye aliinamisha kichwa.

"Leo Alhamisi," Bibi alisema mwishowe. "Mzee Hilari alikuwepo siku tuliponunua. Ndiye aliyeshika mkono wa muuzaji akaubonyeza hapa. Yu hai, ila miguu inamsumbua. Sikutaka kumhangaisha, karatasi ilinitosha. Sasa itabidi nikamwombe."

Mama aliandika barua ya kulieleza baraza jinsi dole lilivyofutika. Ashura aliweka sahihi yake chini. Asubuhi walimsindikiza Bibi kwenye gari, na Zaitun ndiye aliyembebea kikapu, bila kuambiwa.

Wiki iliyofuata Bibi Telesia alirudi na viazi mviringo nusu gunia. Jirani alikuwa ameisema karatasi kuwa ya uongo. Ndipo Mzee Hilari, aliyeletwa kwa baiskeli ya kusukumwa, alipotaja mipaka yote, jiwe kwa jiwe, na baraza likampa Bibi shamba lake.

"Nisamehe, Bibi," Ashura alisema.

"Nilikwisha kukusamehe siku ile, mjukuu wangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nahesabu siku. Ungenificha, ningekwenda na karatasi peke yake, na Hilari angekuwa kwake anaota moto."

Mama aliwatazama binti zake wawili. "Karatasi ya mtu tunaitunza ilivyo, hatuipambi," alisema. "Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Kosa likisemwa mapema, mwenye mali anapata muda wa kujiokoa. Likifichwa, mnamnyang'anya hata huo muda."

Zaitun aliinuka, akaanza kumenya viazi.